Beseni Moja la Meno

Mguu mmoja wa Chapuchapu ulikuwa tayari nje ya geti. Wa pili ulikuwa bado ndani kwa sababu mkoba wake ulikuwa umenasa kwenye komeo. Aliuvuta, ukagoma. Akauvuta kwa hasira, mkanda ukakatika, na viatu vyake vya kazini, taulo na chanuo vikamwagika miguuni pa mlinzi.

"Hata mkoba hautaki," mlinzi alisema, akiokota kiatu. "Unakwenda wapi na wazee hawajanywa chai?"

"Naenda zangu, kaka. Leo watanikalisha kwenye kile kiti, na mimi kile kiti sikikalii tena."

Mlinzi hakuuliza kiti gani. Pale kwenye makao ya wazee kila mfanyakazi alikijua: kiti cha plastiki cha kijani, koridoni, nje ya ofisi ya muuguzi mkuu. Ukikosea, unakikalia wakati wa kupokezana zamu, wenzako wanapita wakikutazama kama nguo iliyoanikwa. Shuka limelowa? Nani? Supu imemwagika? Nani? Muuguzi mkuu hakuwa mtu mbaya, ila kazini neno lake la kwanza lilikuwa "nani" na la pili "kaa". Basi watu wakajifunza kuficha. Kikombe kikivunjika, vipande vilitoka nje ndani ya mfuko wa mtu. Zamu ya usiku na zamu ya mchana zilisalimiana kwa kununa.

Kosa la Chapuchapu lilitokana na haraka yake, hiyo hiyo iliyompa jina. Asubuhi hiyo alitaka kuwapunguzia wenzake kazi. Alipita vyumbani wazee wakiwa bado wamelala, akachukua meno yao ya bandia kutoka kwenye vikombe, akayamimina yote kwenye beseni moja ayasugue kwa pamoja. Yaling'aa kweli. Alipoinamia kuyarudisha ndipo akili ikamrudia: meno hayana majina. Beseni zima lilikuwa likimkenulia.

"Umeyachanganya yote?" mlinzi aliuliza alipoelezwa, midomo ikimcheza.

"Usinicheke, kaka."

"Nani kacheka? Nakohoa."

Kabla hajamaliza kukohoa, alitokea msimamizi mpya akikimbia, glavu mkono mmoja, aproni imekaa upande. Alikuwa hajamaliza hata mwezi pale.

"Wewe Chapuchapu! Unatuacha na midomo mitupu?"

"Bosi, najua mmeshanitolea kiti."

"Tumekitoa, ndiyo. Kipo sebuleni, Bibi Kimya amekikalia, anasubiri meno yake. Wewe ndiye unayewalisha kila siku, mdogo wangu. Njoo utusaidie. Ukishamaliza, ukitaka kwenda, mkoba nitakushonea mwenyewe."

Chapuchapu alitazama barabara, akatazama nyumba. Kilichomshika ni Bibi Kimya. Tangu mvua zilizopita bibi huyo alikuwa hali ila supu, haongei, hacheki, na kijiko alikipokea kwa mkono wa Chapuchapu peke yake. Usiku kucha angekuwa anajiuliza nani anamlisha. Akauingiza mguu ndani.

Sebuleni palikuwa kama sokoni. Mpishi alibeba maji safi, dobi alishika bakuli la dawa ya kusuuzia. Muuguzi mkuu alisimama kando, mikono kifuani, akikitazama kiti chake kana kwamba kimeibwa.

"Haya ni ya farasi!" babu mmoja alilalamika, mdomo umemjaa.

"Yatoe basi, babu, usije ukapiga teke," dobi alisema, akayasuuza.

Chapuchapu alianza kazi. Huyu anatafunia kushoto, yake yatakuwa yamelika huku. Yule ana taya jembamba. Mmoja mmoja walipata, na kila aliyepata alipigiwa makofi kama bwana harusi. Bibi mmoja alijitazama kwenye kioo, akatangaza kwamba sasa yuko tayari kuposwa, mahari ijadiliwe.

Wakabaki wawili: Bibi Kimya, na Babu Refa. Huyu alikuwa mwamuzi wa mpira enzi zake, na filimbi haimtoki shingoni, ingawa tangu mvua hizo hizo ikipulizwa ilitoa upepo tu. Wote waliamini kifua kimemwisha.

Chapuchapu aliyashika meno yaliyobaki, makubwa mkono huu, madogo mkono huu. Akamtazama babu, akamtazama bibi.

"Jamani," alisema polepole, yeye asiyejua polepole. "Hawa wawili hawakuchanganyiwa leo. Walichanganyiwa tangu zile mvua, mtu akanyamaza."

Akasuuza, akawavisha. Babu Refa akatafuna hewa, akaiweka filimbi mdomoni, akapuliza. Mpishi aliangusha sufuria. Mbwa wa jirani wakabweka.

Bibi Kimya alinyoosha mkono kwenye aproni ya mpishi, akachomoa karoti mbichi, akaing'ata. Kwa! Akatafuna mpaka mwisho.

"Miezi yote hii," alisema, "nilikuwa na mdomo wa mwanaume mzima."

Walicheka mpaka dobi akakaa sakafuni. Muuguzi mkuu peke yake alipiga hatua mbele, kidole juu. "Sasa, nani aliye…"

Filimbi ikalia. "Rafu!" Babu Refa alimwinulia kitambaa cha njano cha kufutia mdomo. "Dada, onyo la kwanza. La pili unatoka nje."

Muuguzi mkuu alikitazama kitambaa, akamtazama babu. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kupiga mapaja. Hakuna aliyewahi kukisikia.

"Tufanyeje yasichanganyike tena?" aliuliza alipopata pumzi.

"Tutie rangi kwenye vikombe," Chapuchapu alisema. "Na zamu tupokezane hapa hapa, mbele ya wazee wenyewe."

Wakafanya hivyo. Kwa kuwa hakuna aliyesakwa, wiki ile watu watatu walikwenda kwa msimamizi, kila mmoja kwa wakati wake, akasema ni yeye aliyebadilisha meno ya wale wawili. Hadi leo haijulikani ni yupi.

Chapuchapu hakuondoka, anafundisha wageni wa kazi, na kuosha anaosha kikombe kimoja kimoja. Msimamizi alishona mkanda wa mkoba, vibaya. Muuguzi mkuu alistaafu, huja Jumamosi kucheza karata. Mlinzi bado ana kikohozi kile. Bibi Kimya alipata jina jipya, Redio, akafariki mwaka uliofuata akiwa ameshiba. Babu Refa yupo. Anakalia kile kiti cha kijani, kilichowekwa dirishani penye jua, na hataki mtu akiguse.