Kifaru cha Kitaliano Nyuma ya Kilima

Kinyozi alipandwa na mori. Kwenye mchezo wa vita mtandaoni, mwenzake wa timu, mtu asiyemjua, alikuwa amekificha kifaru chake cha Kitaliano nyuma ya kilima.

"Toka huko, mwoga wewe! Mama yako alizaa hasara!" alifoka kwenye maiki, akavamia peke yake na kulipuliwa papo hapo.

Mwenzake alingoja maadui wapite, akawatwanga ubavuni mmoja mmoja hadi timu yao ikashinda.

"Kifaru hiki bati lake jembamba, baba. Hakivamii," mwenzake akamwambia kwenye hedifoni.

Kinyozi akavua hedifoni, uso ukimwaka. Sauti ile iliendelea kusikika, ikitokea chumba cha wageni, alikofikia mama mkwe wake pamoja na mama yake mzazi.

"Na huyo mama yangu aliyezaa hasara, ninaye hapa. Njoo umsalimie."