Choo cha Wageni

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, choo chetu cha matofali ya kuchoma. Cheka tu. Hata mimi nilicheka siku nilipoletwa bibi harusi, nikadhani nimeonyeshwa chumba cha kulala. Mume wangu ni fundi uashi. Alichimba shimo lile kiangazi kizima, akivunja mwamba kwa nyundo na mtaimbo, akasakafia kwa saruji, akapachika mlango wa bati. Kisha mama mkwe akatia kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo yake.

"Hiki ni cha wageni," alisema. "Kikijaa, nani atavunja tena mwamba huu? Mgongo wa mwanangu ni mmoja."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo methali aliyoipenda. Basi wageni walikuja na kufunguliwa choo kwa heshima zote, na sisi wenyeji tukaendelea kushika njia ya kichakani, juu ya kijito. Wakubwa, wadogo, majirani, wote kichaka kimoja. Maji ya kunywa tuliyateka kwenye kijito hichohicho, huku chini. Kuchemsha? Kuni zenyewe tuliziokota kwa kugombania, zikatosha kuivishia chakula basi.

Mwanangu tulimwita Bosi, kwa sababu kabla hajajua kusema alishajua kuamrisha kwa kidole. Mvua zilipoanza, kijito kikageuka rangi ya matope, Bosi akaanza kuharisha.

"Meno hayo," mama mkwe akasema.

Mhudumu wa afya wa kijiji alipopita, mama mkwe alikimbilia kumfungulia choo. Yule dada akachungulia, akaona sakafu inang'aa. "Kaya zote zingekuwa hivi, nisingekuwa na kazi," akasifu.

"Sisi hatukitumii, dada," nikamwambia palepale, Bosi akiwa mgongoni.

Akacheka, akadhani natania. Alinipa pakiti za unga wa kumrudishia mtoto maji mwilini, akasisitiza niuchanganye na maji safi. Maji safi! Nilipasua kigoda changu cha jikoni, nikapata kuni za sufuria moja.

Jioni ile nilimfuata mama mkwe. "Mama, naomba ufunguo. Tukianza sisi, na majirani watachimba vyao."

"Mama Bosi, mbona sisi tumekulia kichakani na tupo?"

Nilimtazama mume wangu. Mvunja mwamba mzima alinywea mbele ya mama yake kama mtoto aliyevunja chungu. "Subiri kwanza," akaniambia. Nilimchukia usiku kucha.

Bosi hakuweza kusubiri. Macho yalididimia, na kile kidole cha amri hakikunyanyuka tena. Tulitoka naye kwenda zahanati, tukakuta mto umekula daraja. Alinifia mgongoni tukiwa tumesimama pale tukitafuta pa kuvukia. Mama huhisi mzigo wake ukibadilika, sikuhitaji kuambiwa.

Waombolezaji walijaa uani. Mama mkwe alikuwa na macho yaliyovimba, maana alimpenda mjukuu wake, siwezi kumsingizia. Alifungua pindo, akafungua mlango wa bati, akaweka ndoo ya maji na kipande cha sabuni pembeni. Mimi nikajipanga kwenye foleni pamoja na watu. Akaja kuninong'oneza.

"Mwanangu, waachie wageni kwanza."

Zamu yangu ilipofika niliingia, nikalichomoa kufuli lililoning'inia kwenye komeo, nikalidondosha shimoni. Lilishuka kitambo ndipo nikalisikia likigonga jiwe.

Nilipotoka alikuwa amesimama nje, ufunguo mkononi. "Kufuli liko wapi?"

"Limo humo, mama. Shimo bado tupu. Bosi angekitumia choo hiki mpaka aote mvi, kisingejaa."