Yaliyompendeza na Yaliyomchefua Mzee Juvénal Mwezi wa Sita

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe tatu Juni, wakati Mzee Juvénal akigundisha soli ya raba ya mwanafunzi kwenye kona yake ya Doornfontein. Diane, katibu wa Umoja, alikuja akasimama mbele yake akamzibia jua, na jua la Juni mjini Johannesburg ni dogo, si la kugawana na mtu.

"Shikamoo, mzee. Kamati ilikaa jana."

Juvénal aliacha brashi ya gundi ikining'inia hewani. Kwa alivyowajua wale, kamati ikikaa, lazima kuna mtu atakosa pa kukaa.

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni kile chumba. Mwenyekiti anakitaka kiwe ofisi."

Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jengo walimopanga wengi wao: Warundi, Wakongo, Watanzania, na Wakenya wawili watatu, wote wanachama wa Umoja wa Waongea Kiswahili. Marehemu Emérite, mke wa Juvénal, ndiye aliyekililia chumba hicho mpaka kikatolewa magunia na mabomba mabovu. Aliomba vitabu mlango kwa mlango, akapata kabati, akapata televisheni kutoka kwa kanisa lililofunga. Akaanzisha na desturi. Jumapili ya mwisho wa mwezi mtu mmoja husimama, akaeleza mwezi huo amesoma nini na ametazama nini, kipi kimempendeza na kipi kimemchefua, na wengine humbishia mpaka chai inapoa. Tangu Emérite azikwe, Septemba iliyopita, hakuna aliyesimama.

"Ofisi ya nini?" Juvénal aliuliza.

"Ya kupokelea wageni."

"Wageni gani tena? Si sisi sote wageni hapa?"

Diane alitaka kucheka, akakumbuka yeye ni katibu. "Kamati imesema hivi. Akitokea mtu Jumapili ya mwisho, akasimama na mwezi mzima wa kusoma na kutazama, chumba kitabaki cha kusomea. Asipotokea, kabati linatolewa."

"Mwambie mwenyekiti mtu katokea."

"Nani?"

"Unamzibia jua."

Diane alitazama ile gundi, akatazama vidole vya mzee, akaondoka. Na Juvénal alijua alichofikiri. Shule aliiacha darasa la tatu, kule Buyenzi, mjini Bujumbura, na kwa hilo hakujilaumu hata siku moja. Aliwalaumu wakubwa waliogombana mpaka walimu wakakimbia. Toka alipooa, vitabu alivisoma kwa mdomo wa Emérite: yeye kashika kiatu, mke kashika kitabu, na jioni inakwenda. Emérite akisoma, hata muuaji wa hadithi alikuwa na sauti ya kumhurumia. Aliugua wiki moja. Siku aliyofariki, Juvénal alifika kwenye geti la hospitali saa ya kuona wagonjwa imekwisha dakika chache tu, na mlinzi akamwambia amri ni amri. Asubuhi alikuta kitanda kimetandikwa shuka jipya, na neno la mwisho la mkewe hakulisikia. Yule mlinzi Juvénal alimsamehe. Ila amri ina mwenyewe, na mwenyewe wa amri siku zote yuko ofisini, tena ofisi yenye hita.

Basi mzee akaanza kusoma, kidole chini ya mstari, midomo ikienda.

Alianza na hadithi ya upelelezi, maana ndiyo iliyokuwa nyembamba. Mfanyabiashara kauawa bafuni, inspekta kaja na mwavuli, na watu wote nyumbani mle wana sababu ya kuua. Juvénal aliisoma siku nyingi kwa jasho la mtu anayebomoa ukuta, na alipofika pale inspekta anaposema, "Muuaji yumo humu chumbani," akakuta kurasa za mwisho zimechanwa. Alijua moja kwa moja ni kamati. Siku ya sherehe ya mwenyekiti karanga zilifungwa kwa karatasi za wapi? Alimhesabu inspekta na mwavuli wake kwenye yaliyomchefua, na muuaji akamwandika kichwani kuwa ni mtu mwenye cheo.

Cha pili kilikuwa kitabu cha kufuga kuku. Alikichukua kwa sababu kilikuwa na picha, akajikuta hawezi kukiacha. Mtu anaishi ghorofa ya tano, hana kuku wala pa kumweka, lakini alisoma habari za mdondo na minyoo mpaka macho yakamtoka machozi kwa utamu. Mwandishi yule alikuwa mtu wa maneno yake. Akikwambia kuku wako akizubaa fanya hivi, basi ukurasa ule ule kuku anapona. Ni kiongozi gani, Juvénal alijiuliza, amewahi kuahidi jambo juu ya ukurasa na kulitimiza chini yake?

Cha tatu kilikuwa cha mwenyekiti mwenyewe, Papa Théodore wa Lubumbashi, aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule na mpaka leo akiingia mahali hutazama madirisha kama yamefutwa. Kitabu kiliitwa *Miaka Yangu ya Kujitoa*, kimechapwa kwa michango ya wanachama. Kilijaa picha: mwandishi akipeana mkono na mtu, mwandishi akikata utepe, mwandishi akitazama mbali. Juvénal alikimaliza kwa kikao kimoja, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyokipa.

Upande wa kutazama, alijaribu tamthilia ya Kizulu ambamo dada mmoja analia kila siku saa ile ile, tena kwenye sofa nzuri sana. Alijaribu kikao cha bunge la nchi ambayo hakuitaja, akakiweka kwenye vichekesho, akacheka mpaka akalala, sawa na wabunge wenyewe. Kisha akavuka mji mpaka Newtown kwa Ameir, Mzanzibari anayeuza filamu kwenye flashi karibu na soko. Filamu za Ameir ni za mbali, za lugha zisizojulikana, na juu yake kuna dijei wa Kiswahili anayesema kila kitu yeye peke yake: mwanamume yeye, mwanamke yeye, mbwa akibweka yeye.

"Hii ya Kichina, mzee wangu," Ameir alisema. "Utalia. Usipolia nirudishie."

Juvénal hakuirudisha. Ilikuwa ya mzee na mkewe, wenye kibanda cha supu kando ya mto. Akaja mkuu wa kijiji, mnene, anakitaka kiwanja kwa ajili ya ofisi. Mzee akakataa. Wakamkatia maji, wakamzibia njia, mke akaugua. Mwisho mke amelala mkekani, anamwita mume karibu, anamnong'oneza. Na dijei, kwa sauti nyembamba ya kike iliyokatikakatika, akasema, "Mume wangu, usiwape." Mama akafumba macho. Juvénal alirudisha nyuma pale pale mara nyingi mpaka remote ikachoka.

Jumapili ya mwisho chumba kilijaa, si kwa mapenzi ya vitabu, ila kwa sababu kila mtu alitaka kuona fundi viatu anaaibika. Mama Agnès, mshonaji kutoka Uvira, alileta hita yake ya mafuta ya taa na kukaa karibu nayo kuliko mtu yeyote. Papa Théodore alikaa mbele na skafu yake.

Juvénal alisimama. Aliwaeleza habari za inspekta, akauliza aliyekula karanga ajitokeze. Aliwaeleza habari za kuku kwa hisia hata mama mmoja akauliza dawa ya mdondo inauzwa wapi. Alipofika kwenye *Miaka Yangu ya Kujitoa*, alikohoa.

"Hiki kimenichefua," alisema. "Nimetafuta amejitoa wapi, sikupaona. Kila picha yumo."

Kicheko kilipasua chumba. Ameir alipiga makofi. Papa Théodore alitabasamu kama mtu anayeumwa jino mbele ya wakwe.

"Endelea, mzee," alisema. "Uhuru wa maoni upo. Na hiyo filamu?"

"Filamu ndiyo imenipendeza kuliko vyote," Juvénal alisema, na sauti ikabadilika. Akawasimulia kibanda, mto, yule mkuu mnene. Akawasimulia mkeka. "Na mama wa watu, roho inatoka, akasema: 'Mume wangu, usiwape.' Na mimi leo nasema hivyo hivyo. Chumba hiki siwapi."

Hata Agnès alisahau hita. Chumba kilikuwa kimeshapatikana, kila mtu aliona. Ndipo Papa Théodore alipoinuka taratibu akifungua skafu.

"Hiyo filamu nimeiona," alisema. "Ninayo. Mzee umeisema kinyume. Yule mkuu anataka kiwanja ajenge zahanati. Mwenye kibanda ni mkaidi, mlevi, anauza supu ya maji machafu. Mkewe anaugua kwa ukaidi wake. Na mwisho mama anamwambia: 'Mume wangu, wape. Tulikosea.'"

"Mwongo!"

"Mzee! Heshima!" Diane alipaza sauti.

"Nimeona kwa macho yangu!"

"Hata mimi nina macho, tena yamesoma!"

Flashi ya mwenyekiti ililetwa, ya Juvénal ikatolewa mfukoni, zikachomekwa moja baada ya nyingine kwenye televisheni ya Emérite. Ilikuwa filamu moja, mto ule ule, mkeka ule ule, mama yule yule. Dijei wa Juvénal alisema, "Usiwape." Dijei wa mwenyekiti, mwenye sauti nzito kama ya mwuza magodoro, alisema, "Wape. Tulikosea," kisha akaongeza namba yake ya simu kwa wanaotaka filamu zaidi. Chini ya sauti zote mbili kulikuwa na sauti ya mama mwenyewe, ndogo, imefunikwa.

Macho yote yakamgeukia Ameir.

"Wewe ndiye uliyetuuzia zote mbili!"

"Jamani eeh, mimi nauza flashi, siuzi ukweli," Ameir alijitetea. "Kila dijei na tafsiri yake. Nani kati yao anajua Kichina? Hata kama ni Kichina."

"Ilikuwa ya Kikorea," mmoja alisema nyuma.

"Lete pasipoti yake," mwingine akajibu.

Agnès alikuwa ameinua mkono muda mrefu bila kupewa nafasi, akaamua kuisimamia mwenyewe. "Mimi ile filamu nilionaka kwetu, kwa dijei wa Uvira. Hakukuwaka ofisi, hakukuwaka zahanati. Ni bwana na bibi tu, banauza supu, banazeeka."

"Na mwisho, Mama Agnès?" Diane aliuliza. "Alisema nini?"

"Alisema: 'Umekula?'"

"Umekula?" Papa Théodore alirudia kwa dharau. "Mtu anakufa anauliza chakula?"

"Eish, Président. Weye haujaoaka vizuri."

Waliocheka walicheka. Juvénal hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha karibu, akaitazama ile televisheni iliyosimama pale mama alipofungua mdomo, na mtu aliyekuwa pembeni yake akadhani hita imemletea kizunguzungu.

Kura haikupigwa. Mwenyekiti alidai ushahidi wa mzee ni batili, wanachama wakadai hata wake ni batili, na hapo akafanya kile ambacho watu wa cheo hufanya wakibanwa ukutani. Aliunda kamati ndogo ya kuchunguza mama alisema nini. Mpaka ipatikane taarifa, hakuna kitu kitakachohamishwa: kabati, televisheni, wala kiti. Watu walishangilia. Walitoka wakimpigapiga Juvénal mgongoni, wakisema mzee umewaweza, sharp, umewaweza kabisa.

Kamati ndogo ilifanya kazi, hilo lisikataliwe. Ilikwenda kwa mama mwenye duka la mablanketi, ikamwonesha ile sehemu kwenye simu. Akasema hiyo si lugha ya kwao, akawauliza kama wananunua. Ilikwenda chuoni, mwanafunzi mmoja akasikiliza kwa vidude vya masikioni, akasema madijei wamefunika kila kitu, atafutwe mtu wa kusoma midomo, tena wa nchi hiyo, nchi ikishajulikana. Ameir alitafuta filamu isiyo na dijei, akakosa, akarudi na dijei wa nne, ambaye kwenye mkeka ule alisema habari za ndege ya kwenda Dubai.

Sasa kila Jumamosi chumba kinajaa. Watu huja kutazama ile sehemu, wakibishana huchukua na kitabu cha kwenda nacho nyumbani, na Papa Théodore hupokea wageni wake kwenye ngazi, baridi ikimpiga. Juvénal hukaa mbele kabisa, karibu na kioo. Hapigi tena kelele za usiwape. Wenzake wakisema mzee si umeshinda, hujibu ndiyo, nimeshinda, halafu humwomba Diane arudishe nyuma kidogo, pale mama anapomvuta mume kwa kola na midomo inaanza kwenda.

Wape, usiwape, au umekula? Yule mama, pale mkekani, alimwambia nini mumewe?