Tuzo ya Sauti Bora

Shemeji yangu ndiye aliyekuwa sauti ya roboti katika tamthilia ya safari za anga za juu. Tamthilia ilipoteuliwa kuwania tuzo, naye akiwania ya sauti bora, alikuwa ameshapasuliwa koo kwa saratani, na hakuweza kusema tena.

Alishinda. Akipanda jukwaani, waandaaji wakaonyesha kipande cha tamthilia, roboti akitania, ukumbi ukacheka. Akasogelea maikrofoni, akafungua kinywa, akakifunga. Dada yangu, mkewe, akapanda kushukuru kwa niaba yake.

Nyumbani dada akamuuliza, “Baba watoto, tuzo tuiweke wapi?”

Akaonyesha kabati la viatu. Binti yao akaweka tamthilia kwenye televisheni amsikie baba yake. Shemeji akatoka nje.

Niliinuka nimfuate.

“Mwache,” dada akaniambia. “Hata mimi, kila nikiisikia sauti hiyo, nadhani ameniita.”