Pembe Nne za Shuka

Jirani yangu msusi anadai alimwona Mrefu jana jioni akitoka kwa bosi kwa mlango wa mbele, anacheka mpaka kajishika kiuno.

"Keshakuuza huyo, mdogo wangu," aliniambia, kitana mdomoni. "Na wewe wahi kumtaja."

Mrefu ni dada ninayefanya naye kazi kwenye duka la dobi. Shuka hukunjwa na watu wawili: yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, tunavuta, tunasogeleana. Juzi tulivuta hivyo kitambaa cha meza cha mteja mkubwa, kikachanika katikati. Bosi akasema atatuita mmoja mmoja. Mmoja akimtaja mwenzake, aliyetaja anabaki na pasi yake, aliyetajwa anaondoka. Tukitajana, tunaondoka wote. Tukinyamaza wote, tunahamia kwenye karo la kufulia mwezi mzima.

Mimi bila kazi ile narudi kulala kwenye korido ya shangazi.

Nilipanga vibanio vya nguo sakafuni, mafungu manne, kila fungu namna moja ya mambo kwenda. Akinitaja, nimekwisha, nimtaje nisimtaje. Akinyamaza, kumtaja kunaniachia pasi. Kila nikivigeuza, vibanio vinasema: mtaje. Lakini hata yeye akipanga vya kwake, vitamwambia hivyo hivyo.

Ila kuna kitu kilinikwaruza. Mlango wa mbele wa bosi umezibwa na marobota ya mashuka tangu Jumatatu, hata paka hapiti. Mrefu alitokea wapi? Na nani kaja mara tatu kumwombea mpwa wake kazi pale? Msusi huyo huyo. Tukitajana, nafasi zinafunguka mbili.

Asubuhi Mrefu aliniangalia kama pasi ambayo hujui kama ina moto.

"Msusi kapita kwako, dada?" nikamuuliza.

"Kapita."

"Kakwambia nilikuwa kwa bosi nacheka?"

"Mpaka ukajishika kiuno."

Nikaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Hata kama ulikuwepo, utasema hukuwepo," akasema.

"Mlango si umezibwa? Kautazame."

Hakwenda kuutazama.

Bosi akaniita kwanza. "Nani kakichana?" Nikanyamaza. Akarudia. Nikayaangalia yale marobota, nikanyamaza tena, akanitoa.

Kisha akaingia Mrefu. Nilipiga pasi mashati matano, bado yumo. Mtu wa kunyamaza hahitaji mashati matano. Au bosi alikuwa kwenye simu. Sijui.

Alipotoka, macho yalikuwa chini. Bosi akachungulia nyuma yake, akasema jibu tutalipata mchana.

Kwenye kamba lilibaki shuka moja. Nikashika pembe zangu mbili, nikamnyooshea zake.

"Dada, shika tukunje."

Mikono yake ilikuwa kwenye mifuko ya aproni. Shuka likaanza kugusa sakafu.

"Shika basi, dada."