Chipu Zilizokataa Kuamka

Mama Pacha aliporudi kazini kutoka likizo ya uzazi, alikuta kiti chake kimeazimwa, kikombe chake kimevunjika mkono, na chipu zake zimegoma kuamka.

Chipu hizo, vipande vidogo vya saketi za umeme, alizisanifu yeye mwenyewe. Zilikaa mwisho wa waya mwembamba uliopitisha picha kutoka kwenye kamera kwa kasi ya ajabu, na ili zisimalize betri, zililala muda wote waya ulipokuwa kimya. Sehemu ndogo tu ilibaki macho ikisikiliza. Ikisikia ishara, inaiamsha chipu nzima. Ikisikia kelele za umeme tu, inanyamaza. Kazi ngumu ilikuwa kupanga kizingiti, yaani kiwango ambacho ishara ikikivuka ndipo chipu iamke. Kikiwa chini, chipu inashtuka bure. Kikiwa juu, hata ishara yenyewe haisikiki. Na kwa kuwa chipu hazitoki kiwandani zikiwa sawasawa, kila moja ilitakiwa kujipimia kizingiti chake kwa kusikiliza ukimya wa waya kila inapowashwa.

"Mteja amerudisha boksi zima la chipu, na kamera yake moja juu," Mkuu wa maabara alimwambia hata hajaweka mkoba chini. "Kamera zake zinawaka, picha hazifiki. Saketi ni yako, mama. Hebu iangalie."

Hakusema kwa ubaya, lakini maneno yalimchoma. Wiki hizo Mama Pacha hakuwa na imani sana na kichwa chake. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ametia chumvi kwenye chai ya mumewe, na mume, kwa huruma, akainywa yote.

Aliyemshikia kazi alipokuwa likizo ni kijana mmoja mpole aliyeitwa Shemeji na ofisi nzima. Alikuwa amemwoa dada wa mhasibu, na mhasibu ana mdomo; jina likamganda, hata Mkuu akalizoea.

Wakakaa wote wawili mezani. Wakapuliza bodi yenye chipu kwa hewa ya moto, wakaipoza, wakabadilisha waya mfupi kwa mrefu. Chipu zote ziliamka bila shida.

"Hapa zina adabu," Shemeji alisema. "Zikifika kwa mteja zinageuka."

Mama Pacha alirudia hesabu zake za kizingiti, akazirudia tena, akaanza kuyaona makosa hata pale yasipokuwepo. Wakati wa kukamua maziwa ulipofika, alijifungia stoo ya vipuri, akakaa juu ya boksi la nyaya, machozi yakamtoka bila kuagizwa. Labda walimvumilia tu. Labda mwenye akili alikuwa yule wa kabla ya kujifungua.

Alipojifuta uso, wazo likamjia. Pale maabara walikuwa wanaiwasha chipu kwanza, ndipo wanachomeka waya. Akatoka na chupa yake ya maziwa mkononi.

"Shemeji, ile kamera ya mteja ina betri yake?"

"Ndiyo, dada. Yenyewe inatuma picha tu, chipu iwe imewaka au haijawaka."

"Basi chomeka waya, washa kamera kwanza."

Wakaiwasha. Kisha wakaiwasha chipu. Kimya. Ilikuwa imejipima huku ishara inapita, ikaidhani ishara ile ndiyo ukimya wenyewe, ikakipandisha kizingiti juu yake. Tangu hapo haikusikia kitu.

"Lakini hili nililifikiria," Mama Pacha alisema taratibu. "Kulikuwa na hatua ya kuukata waya kwa ndani kwanza, chipu ijipime, ndipo uunganishwe." Akafungua programu ya chipu. Hatua haipo. "Nani ameitoa?"

"Mimi," Shemeji alisema. "Mkuu alitaka ziwake haraka na umeme upungue. Nikaiona hatua haina maelezo, nikadhani ni mabaki. Nilipoitoa, majaribio yote yalipita."

"Nimekaa stoo nalia, najiona nimekuwa zezeta."

"Na mimi nilikuwa nakuna kichwa, nitamwambiaje dada kwamba saketi yake mbovu."

Alitaka kuja juu, ila uso wa kijana ulikuwa umesawajika kama wa mtu aliyefiwa, hasira ikamwisha. Akakumbuka vizuri sasa. Hatua ile aliiweka siku uchungu ulipomshika palepale kitini. Alikusudia kuandika sababu yake akirudi kutoka chooni, na hakurudi; alipelekwa hospitali.

Kwenye kikao, Shemeji alizungumza kabla hajaulizwa. Alieleza alichokitoa na kilichotokea. Mama Pacha akaongeza kwamba hatua ile haikuwa na maelezo, na wa kuyaandika alikuwa yeye.

Mkuu aliwatazama kwa zamu. "Tukiirudisha, inakula umeme kiasi gani?"

"Kidogo sana," Mama Pacha alijibu. "Ni pale tu inapowashwa."

"Irudisheni. Mteja niachieni mimi."

Mteja hakubembelezeka kirahisi; oda yake iliyofuata ilikuwa ndogo kuliko ya mwanzo. Lakini chipu ziliamka, za moto na za baridi, kamera itangulie au ifuate.

Jioni ile Shemeji aliandika maelezo ya hatua ile, aya ndefu yenye kuomba radhi ndani yake. Mama Pacha aliisoma akitabasamu, akaifuta yote, akaacha mstari mmoja: *Usitoe. Waya unaweza kuwa unaongea.* Kisha akachukua mkoba na chupa za maziwa, akaaga. Mama mkwe alikuwa ameshapiga simu. Wajukuu wameamka wote kwa pamoja.