Buluu Isipite Tatu

Mama yangu alipofuka akiwa na miaka hamsini na minane. Kabla ya hapo alituficha hali yake kwa miaka mitatu. Alihesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, akajua kila sufuria kwa kuipapasa, na tukimuuliza alisema ana usingizi tu. Tulipompeleka hospitali, daktari alituuliza siku zote tulikuwa wapi. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kwake hata kilio kilichelewa. Mimi sasa nina hamsini na nne, na kazi yangu ni macho.

Nachanganya rangi katika duka la rangi za nyumba, huu mwaka wa ishirini na sita. Mteja ananiletea kipande cha plasta, kitambaa, hata kifungo cha shati, nami namtengenezea ndoo nzima ya rangi ileile. Pale dukani hakuna anayeniita kwa jina langu. Ni Jicho tu. Jicho njoo, Jicho tazama. Hata mume wangu huniita hivyo, na akiniita mbele za watu mimi huvimba kichwa, sioni haya kusema.

Yeye ni fundi bomba aliyestaafu, na mtu aliyeshika mabomba miaka arobaini hawezi kukaa mbali na maji. Alinunua tangi la kioo, akaliweka sebuleni, akakoroga maji ya chumvi kwa vipimo, akafunga pampu, akapanga mawe, kisha akasubiri wiki sita nzima maji yakomae. Alichotaka si samaki. Alitaka matumbawe yaliyo hai, yale yanayofumbuka asubuhi na kujifumba jioni. Tuligawana kazi mapema.

"Maji yangu, taa yako," alisema. "Mimi najua rangi mbili tu, safi na chafu."

Ndivyo nilivyokwenda kuchagua taa. Muuzaji ni mtu wa makamo mwenye upara na maelezo mengi, wateja wake humwita Profesa. Aliniwashia taa mbili juu ya tangi tupu, ndogo na kubwa. Kila moja ilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha mwanga mweupe na kimoja cha buluu, vyenye namba moja hadi kumi.

"Chukua hii ndogo, mama," alisema. "Kwa tangi lenu inatosha na kubaki. Matumbawe yanaishi kwa mwanga, ni kweli. Ndani yake mna vijimea vidogo sana vinavyoyatengenezea chakula, na vinapenda hii buluu. Ila mwanga ukizidi, yanavifukuza vile vijimea. Yanabaki meupe, halafu yanakufa njaa."

"Hii ndogo haina buluu," nikasema.

"Haina?"

"Ipo kidogo. Imefubaa, kama mtu kaitia kahawia."

Profesa akaitazama taa, akanitazama mimi, akairudia taa. "Mama, mimi hiyo inanichoma macho."

"Baba, rangi ndiyo kazi yangu."

Hakubisha tena. Alinipa ile kubwa, akachukua kalamu nene na kuandika juu ya boksi: BULUU ISIPITE TATU, MWEZI MZIMA. Alisema matumbawe mageni ni kama miche iliyotoka kivulini, huiweki juani siku ya kwanza.

Nyumbani niliiweka kwenye tatu, nikaona tope. Sitanii, niliona maji ya mtaroni. Nikazungusha hadi tano, hadi saba, na kwenye tisa ndipo nikaiona buluu ninayoijua. Nikajisemea moyoni kwamba Profesa ana maneno lakini hana jicho. Mume wangu akatoka jikoni na kikombe chake, akasimama mlangoni.

"Ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo."

"Haya. Taa ni idara yako."

Tangu siku hiyo akaanza kuvaa kofia ndani ya nyumba. Ile kofia yake ya kazini, yenye ukingo mbele, akiivuta mpaka kwenye nyusi akikaa kwenye kochi. Nilimcheka sana. Nilimuuliza kama anaogopa mvua ya sebuleni. "Uzee huu," alinijibu, akaivuta zaidi.

Matumbawe yalikuwa matatu. Moja lilifanana na uyoga, moja kama nyasi fupi, na la tatu kama vifungo vilivyoshonwa juu ya jiwe. Wiki ya pili zile nyasi hazikufumbuka. Wiki ya tatu uyoga ulianza kupauka pembeni. Mume wangu hakuigusa taa wala kuitaja, maana taa ilichaguliwa na Jicho. Alijilaumu yeye. Aliosha ndoo upya, akabadilisha maji Jumatatu, akayabadilisha tena Jumatano, akafungua pampu na kuisugua kwa mswaki. Hamu ya kula ilimpotea.

Wiki hiyohiyo, msimamizi wa zahanati moja alirudi dukani na ndoo yangu. Alikuwa ameagiza buluu ya kumalizia ukuta alioanza mwaka jana. "Jicho," alisema taratibu, kwa sababu ni mtu mstaarabu, "upande wa pili rangi inapiga kelele, haifanani na ya mwanzo. Wagonjwa wananiuliza." Nikamwambia ukuta wake una unyevu. Nilisema hivyo bila kupepesa, na alipoondoka nikaenda stoo nikakaa juu ya ndoo. Mara tatu mwezi huo buluu zangu zilirudishwa. Mara zote tatu nilikuwa na sababu.

Siku ya Ijumaa mume wangu aliniita nimsomee kipimo cha maji. Unatia matone kwenye kichupa, maji yanabadilika rangi, unalinganisha na kadi.

"Mimi naona buluu, kama hii hapa ya mwisho," alisema. "Kwa hiyo maji ni mazima. Lakini mbona yanakufa? Hebu tazama wewe."

Nilitazama. "Kijani."

"Kijani kabisa?"

"Kijani kabisa."

Akashusha pumzi, akafuta alichokiandika kwenye daftari lake. "Basi mimi ndiye sioni vizuri," alisema, akaenda kukoroga maji mengine.

Nilibaki na kile kichupa mkononi. Sijui ni nini kilichonituma, labda ni lile neno lake. Niliinua uso kwenye taa nikafumba jicho la kulia. Taa ikawa kama naitazama kupitia chai ya rangi iliyokolea. Nikafumba la kushoto. Chai ikawa nyepesi. Nikarudia, nikarudia tena. Taa moja haiwezi kuwa na rangi mbili.

Hofu niliyoipata siwezi kuipamba. Nilimwaza mama kwenye kiti chake, mikono mapajani, akigeuza uso kuelekea sauti zetu na kukosea upande kidogo. Niliwaza duka, na bosi wangu, aliyewahi kusema hanunui mashine ya kusoma rangi kwa sababu ananilipa mimi. Inawezekana ni mtoto wa jicho tu, nikajiambia, wengi wanatolewa na wanaona. Inawezekana pia ni yale maradhi ya mama. Na kujua ni ipi, lazima mtu aseme.

Sikusema. Siku tatu nilijitia hamnazo. Niliweka uma mezani, nikacheka pasipochekesha, na kila nilipokuwa peke yangu nilifumba jicho moja kisha lingine, kama mtu anayebonyeza jipu kuona kama bado linauma.

Jumatatu, saa za mchana, mume wangu alikuwa ameinama mbele ya tangi. Ule uyoga ulikuwa mweupe karibu wote.

"Kesho nayarudisha kwa Profesa kabla hayajaisha," alisema bila kugeuka. "Miaka arobaini napeleka maji kwenye nyumba za watu, halafu nashindwa na sanduku moja la kioo. Mikono yangu imechoka, Jicho. Tuliuze hili tangi."

Akaenda uani kumwaga ndoo.

Hapo ndipo nilipopata akili ya haraka. Namba ninazisoma, mimi si kipofu. Narudisha buluu kwenye tatu kabla hajaingia, naficha boksi, na matumbawe yakipona tutasema ni maji mapya. Atafurahi. Hakuna atakayejua lolote. Niliruka hadi kwenye taa, nikapeleka mkono juu ya kile kifundo. Mwanga wake mwenyewe ulitawanyika usoni kwangu kama ukungu, namba zikayeyuka. Nikaanza kuhesabu kwa kidole ile migoto ya kifundo kila kinapopita namba. Tisa. Nane. Saba.

Nikaona mkono wangu. Ulikuwa ukipapasa kile kifundo kama mkono wa mama ulivyopapasa sufuria, polepole, kwa adabu, ili mtu yeyote asigundue.

Niliutoa. Nilisimama pale mpaka nikasikia ndoo inawekwa chini.

"Baba Watoto," nikaita. "Njoo huku."

Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Maji yako hayana kosa. Ile ya Ijumaa ilikuwa buluu, ulisoma sawasawa. Punguza taa."

"Taa? Si wewe uli..."

"Ipunguze wewe. Mimi sioni."

Alisogea, akainamisha ukingo wa kofia ili mwanga usimpige, akashika kifundo. "Mpaka ngapi?"

"Tatu. Profesa aliandika kwenye boksi."

Alizungusha. Kwangu sebule ilizidi kuwa tope, kioo kikawa kama dirisha la nyumba isiyo na watu, na yale matumbawe matatu yakapotea moja baada ya jingine. Nilitamani kumwambia aache. Nilikaza meno.

"Hapo," alisema.

"Mimi hapo ni giza."

Kisha nikasikia, kabla sijaona, kofia ikivuliwa na kuwekwa juu ya meza. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, na ngozi chini yake imejikunja kwa wiki nne za kuyafinya.

"Mimi naona buluu, mke wangu," alisema. Hakuniita Jicho. "Buluu nzuri tu."

"Nilikuwa nakucheka na hiyo kofia."

"Nilidhani ndivyo inavyotakiwa." Akanivutia kiti, akavuta na chake, akakaa karibu mpaka magoti yetu yakagusana. "Mama yako alianza hivi?"

"Sijui. Hakutuambia alianzaje."

"Kesho asubuhi twende wote kwa daktari wa macho. Dukani nitapiga simu mimi."

Nikatikisa kichwa kukubali, ingawa mikono nilikuwa nimeikalia. Halafu nikaitoa nikamwachia aishike. Nikamwambia lile neno ambalo mama, miaka yote mitatu, hakutuambia hata mmoja wetu.

"Naogopa," nikasema.